Mwalimu Tiero na pima moja na nusu

Saa mbili kasorobo asubuhi, watoto ishirini na sita wa darasa la nne wanainama mmoja mmoja kupita chini ya ukingo wa paa la maneaba ya Aontebike, kisiwani Nonouti. Paa hilo la majani ya mkadi limeteremshwa makusudi hadi usawa wa kifua, ili kila anayeingia jumba la kijiji, awe diwani au mwizi wa kuku, aanze kwa kuinamisha kichwa.

Wa mwisho kuingia ni mwalimu wao, Nei Tiero Kaotan (Nei ni kama Bi, na Ten ni kama Bwana), mwenye umri wa miaka 47, malapa mkononi, chaki imechomekwa nyweleni juu ya sikio. Begani amebeba kamba ya makumbi ya nazi iliyofungwa mafundo. Anawakalisha watoto, anawahesabu, kisha anawahesabu tena ingawa hakuna aliyetoka.

"Miaka ishirini na minne nafundisha," ananong'ona. "Sijawahi kuogopa hesabu ya kujumlisha. Leo naiogopa."

Ana sababu. Mbele yake, miguu ameikunja juu ya mkeka, ameketi Ten Nakibae, miaka 71, mkubwa wa wazee wa kijiji. Wiki saba zilizopita ndiye aliyewatoa watoto hawa humu ndani, wao na chati yao. Leo amewarudisha kwa sharti alilolitamka mbele ya kijiji kizima: wapime upya, mara moja tu. Hesabu ikitoka, maneaba ni darasa lao. Isipotoka, wabaki shuleni chini ya bati, na mambo ya wazee waachiwe wazee.

"Umeelewa, mwalimu?" anauliza Nakibae.

"Nimeelewa, babu."

"Mara moja."

"Mara moja, babu."

"Mpeni mzee mto wa kuegemea," anadakia jirani yake, Ten Kabuta, mtu wa mizaha ambaye hata msibani hukalishwa mbali na wafiwa. "Hesabu za watoto huchelewa kuliko meli ya mchele."

Watoto wanacheka kwa kuziba midomo. Mwalimu hacheki. Anaishika ncha moja ya kamba, ncha ya pili anampa msichana mwembamba wa miaka kumi aitwaye Teewata, mjukuu wa Nakibae mwenyewe, na kazi inaanza.

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima anaogopa kamba, lazima kurudi nyuma miaka sita, kwenye mito.

Nei Tiero alikuwa akisahihisha mtihani wa Maarifa ya Jamii. Swali la kwanza liliwataka watoto wataje mito mitano mikubwa ya Australia, na darasa zima lilipata. Swali la pili alilitunga yeye: nani alichimba shimo la magimbi la familia yenu? Darasa zima liliacha nafasi tupu.

"Nonouti haina mto hata mmoja," anasema Tiero. "Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuona mto. Lakini shimo la magimbi wanashuka kila Jumamosi, na hawajui ni mikono ya nani iliyowachimbia. Niliona aibu. Nililala na ile aibu, nikaamka nayo."

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, Ten Beniamina, mtu mpole anayeipenda ratiba ya shule kiasi cha kuipiga pasi. Beniamina akamwonyesha kwa kidole: Maarifa ya Jamii, Ijumaa, dakika thelathini, baada ya usafi.

"Na Ijumaa baada ya usafi kuna nini, mkuu?"

"Mpira wa wavu."

"Kwa hiyo Maarifa ya Jamii yanafundishwa lini?"

Beniamina alikuna kichwa. "Mama mwalimu, mimi siwezi kukuongezea saa. Saa zote nimeshazigawa. Labda uibe."

Basi akaiba. Alianza na shimo la magimbi, ambalo kisiwani huchimbwa hadi kwenye maji ya chini na kupandwa ndani yake. Asubuhi ya Hesabu watoto walipima kina chake na kuhesabu miche. Saa ya Sayansi walionja maji ya chini, yale yaliyoanza kuwa na chumvi na yale ambayo bado matamu, wakaandika tofauti. Saa ya Lugha kila mtoto alikwenda kumuuliza bibi au babu yake nani alichimba, kwa kutumia nini, na alikula nini siku hizo. Shimo lilikuwa moja na madaftari matatu, na lile somo la Ijumaa likawa limefundishwa bila kumgusa mtu mpira wake.

Wazazi hawakufurahi wote. Mama mmoja alimsubiri njiani akiwa na kikapu cha shelisheli kichwani. "Mwanangu nakuletea ajue kuzidisha," alimwambia. "Magimbi anayajua tangu tumboni. Unamfundisha nini, matope?"

"Namfundisha kuzidisha matope, dada," Tiero alimjibu.

Mwaka uliofuata watoto kumi na tisa kati ya ishirini na watatu wa darasa lake walifaulu jaribio la hesabu la kisiwa. Mwaka uliotangulia walikuwa tisa. Mama yule wa mashelisheli alileta shelisheli mbili nyumbani kwa mwalimu, akaziweka mlangoni, akaondoka bila kusema neno. Kwa watu wa Aontebike hiyo ni hotuba ndefu.

Sifa zikaanza. Walimu wa vijiji vya jirani walikuja kwa baiskeli kuangalia. Kanisani alitajwa jina. Mshahara wake ulibaki dola mia nne na themanini kwa wiki mbili, na karatasi kubwa za chati alizidi kuzinunua kwa fedha yake, lakini alitembea akiwa amenyooka mgongo. Na wahenga hawakukosea waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kisiwa hiki kina wagema kila mnazi, na bado mwalimu hakusikia onyo.

Muhula wa kwanza mwaka huu aliamua kuipima maneaba.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Ndani ya maneaba kila ukoo una nafasi yake ya kukaa, kuanzia nguzo hii hadi boriti ile, na mtoto huijua nafasi ya ukoo wake kabla hajajua kufunga shuka. Koo za Aontebike ni kumi, na nafasi ya kumi na moja ni ya wageni. Hapo ndipo Nei Tiero hukaa. Yeye na mumewe, fundi wa injini za boti, ni watu wa Makin, kaskazini kabisa. Wameishi Aontebike miaka kumi na tisa, wamezalia na kuzika hapa, na kila mkutano mwalimu hukaa mahali palepale pa wageni, pamoja na muuguzi mpya na yeyote aliyeteremka kwenye ndege wiki hiyo.

Watoto walizunguka maneaba na utepe wa mita. Mzunguko wote ulikuwa mita themanini na mbili na nusu. Somo la wiki hiyo katika kitabu cha Hesabu lilikuwa kugawanya. Mwalimu akaandika ubaoni: themanini na mbili na nusu, gawanya kwa kumi na moja. Jibu lilitoka safi bila mabaki, mita saba na nusu.

"Mwalimu yeyote atakuambia, jibu lisilo na mabaki ni kama peremende," anasema Tiero. "Nililipenda lile jibu. Sikujiuliza kama ni kweli."

Wakachora. Vyumba kumi na moja vilivyolingana, kila kimoja na rangi yake na jina la ukoo. Siku ya wazazi chati ilitundikwa kwenye nguzo ya kati ya maneaba yenyewe, watoto wakaimba, na Nakibae akainuka na kuisogelea kwa sababu macho yake si ya zamani.

Alifuata mistari kwa kidole, chumba kwa chumba. Ukoo wake ndio wenye nafasi pana kuliko zote. Ukoo wa Kabuta, ulio jirani yake, una nafasi nyembamba. Kwenye karatasi vilikuwa sawa.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

"Sisi, babu," watoto walijibu kwa furaha.

"Mmemnyang'anya mtu nafasi yake." Sauti yake ilikatika. Akarudia, safari hii kwa kupaza: "Mmemnyang'anya mtu nafasi yake! Toeni hii karatasi. Tokeni."

Hakuna aliyekumbuka kumwona Nakibae akipaza sauti. Watoto walitoka wakilia. Kabuta alijaribu kusema kwamba yeye kwa upande wake ameipenda sana ile chati, kwani imemwongezea shamba, lakini hakuna aliyecheka. Kijiji kizima kilielewa jambo moja: mzee amekasirika kwa sababu mwalimu wa Makin amepunguza nafasi ya ukoo wake.

Nei Tiero naye alielewa hivyohivyo. "Nilijua kosa langu kabla sijafika nyumbani," anasema. "Miaka sita najisifu naingiza maisha ya watu ndani ya hesabu. Siku ile niliingiza hesabu ndani ya watu. Niliwakata sawasawa kama mkate."

Jumamosi ya kwanza alikwenda kwa Nakibae na kipande cha tumbaku, kama anavyofanya mwenye kosa. Mzee alikipokea, akaingia ndani. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu, ya nne, ya tano. Mumewe alimtania kwamba wanamlipia mzee kifua kikuu. Alikwenda tu.

Wakati huohuo darasa la nne lilirudi chini ya bati na kitabu cha Hesabu kikarudi kuwa kitabu cha Hesabu. Teewata, ambaye alikuwa hodari, aliacha kunyoosha mkono. Siku moja alimuuliza mwalimu wake, "Babu anatuchukia?" Tiero alisema hapana, kisha akaenda nyuma ya tangi la maji ya mvua na kulia peke yake, na hana haya kulisema hilo gazetini.

Jumamosi ya sita Nakibae aliipokea tumbaku, akaigeuza mkononi, akasema: "Nani alikuambia watu wanagawanyika sawa?"

"Kitabu, babu."

"Kitabu kimewahi kukaa humu?"

"Hakijawahi."

"Mita ni mkono wa nani?"

Mzee akainuka taratibu, akaitandaza mikono yake miwili kulia na kushoto, mikono ya mtu aliyekwea minazi miaka hamsini, akasimama hivyo uani kama mtu anayekausha shuka. "Lete kamba," alisema. "Hii ndiyo pima. Baba yangu alipima kwa hii waliposimika nguzo zile. Funga fundo hapa, na hapa."

Ndiyo kamba iliyo mikononi mwa Teewata asubuhi ya leo.

Wanaanza kwa kuzunguka maneaba yote. Watoto wanahesabu mafundo kwa sauti moja, na mabinti wawili wanaandika. Mzunguko mzima ni pima arobaini na nane. Nakibae anatikisa kichwa kukubali. Ndivyo alivyoambiwa na baba yake, na nafasi zote zikijumlishwa lazima zifike hapo.

Kisha mwalimu anafanya jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya. Anamwambia kila mtoto aende akakae kwenye nafasi ya ukoo wake. Hakuna anayeuliza ni wapi. Wanatawanyika kwa sekunde kumi, kila mmoja na mahali pake, na mtoto mmoja wa muuguzi anakwenda kukaa pa wageni. Kamba inapita kutoka ukoo hadi ukoo. Kwa Nakibae pima sita. Kwa Kabuta tatu na robo. Wageni nne kamili.

"Tatu na robo!" Kabuta analalamika. "Ile karatasi ya kwanza ilikuwa na akili kuliko hii kamba."

"Nyamaza, babu, tunahesabu," Teewata anamwambia, na maneaba nzima inaangua kicheko, Kabuta wa kwanza.

Teewata anapiga magoti mbele ya ubao mdogo na kujumlisha. Anajumlisha kutoka juu kwenda chini. Anasimamisha chaki. Anajumlisha kutoka chini kwenda juu.

"Ngapi?" anauliza Nakibae.

Mtoto anafuta jibu kwa kiganja, analiandika tena.

"Ngapi, mama?"

"Arobaini na sita na nusu," anasema Teewata kwa sauti ndogo.

Arobaini na sita na nusu, na mzunguko ni arobaini na nane. Imepungua pima moja na nusu. Mwalimu anaichukua chaki na kurudia mwenyewe, nambari kwa nambari, midomo ikicheza. Inatoka ileile. Mwalimu mkuu Beniamina, aliyekuja kushuhudia, anavua miwani na kuifuta ingawa haina vumbi.

"Basi," Kabuta anasema, na safari hii sauti yake haina mzaha. "Mlisema mara moja. Poleni, watoto."

Nei Tiero anainamisha kichwa. Anasema baadaye kwamba wakati ule alishaanza kuikunja kamba moyoni. Aliwaza jinsi atakavyowatembeza watoto kurudi bila kuwaacha walie njiani, na kwamba safari hii hakuna tumbaku itakayotosha.

"Mwalimu." Ni Teewata. Amesimama, jambo ambalo mtoto hafanyi mbele ya wazee, na amejisahau kabisa. "Mwalimu, hatujakosea. Kuna mahali hakuna aliyekaa."

Wote wanageuka. Watoto wamekaa kuuzunguka mkeka mkubwa, ukoo kwa ukoo, isipokuwa sehemu moja. Kati ya mtoto wa mwisho wa ukoo wa Nakibae na mtoto wa kwanza wa ukoo wa Kabuta pana uwazi. Pamejaa malapa. Kwa miaka yote hapo ndipo watoto wa kijiji huweka malapa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Hapo ni kwa Nakibae," anasema Kabuta. "Mimi siku zote najua ni kwake, ndiyo maana sisogei."

"Si kwetu," anasema Teewata. "Babu alitukataza kukaa hapo. Alisema tutatoka majipu."

Watu wazima wanamtazama Nakibae. Mzee anatazama malapa. Watoto wanadhani atapaza sauti tena.

"Hapo ni kwa watu wa Bwatarake," anasema hatimaye.

Hakuna anayelijua jina hilo. Hata Kabuta halijui.

"Wewe ulikuwa mgongoni," Nakibae anamwambia. "Mimi nilikuwa na miaka minane. Ilikuwa ukame. Magimbi yalikufa, minazi ikaangusha vidaka. Serikali ya Waingereza ikasema wenye kutaka wapande meli, kuna ardhi Visiwa vya Solomon. Watu wa Bwatarake wakapanda wote, hakubaki hata mmoja. Mke wa Bwatarake alikuwa amemchukua dada yangu kumlea, Nei Teiti. Miaka kumi, kama huyu." Anamwekea Teewata mkono kichwani. "Jioni ya kuaga alikaa pale, palepale. Akaniambia, nishikie nafasi, nakuja."

Ananyoosha mkono, analigeuza lapa moja lililolala kifudifudi.

"Nikamshikia," anasema.

Miaka sitini na mitatu. Barua zilikuja mbili, kisha hazikuja. Baba yake kabla ya kufa alimwambia alinde ile nafasi na asiitaje, maana likijulikana tu kuwa pana wazi, mtu ataleta bubuti. Na bubuti ni ombi lisilokataliwa. Ukiombwa mtumbwi kwa bubuti unautoa, ukiombwa nguruwe wa harusi unamtoa, na anayekataa haibebi aibu hiyo peke yake, huibeba hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo Nakibae alinyamaza. Alitunga habari ya majipu. Na siku aliyoona kwenye karatasi ya rangi kwamba uwazi wenyewe umefutwa, umegawiwa kwa kila mtu kidogo kidogo, alipiga kelele kwamba mtu amenyang'anywa nafasi yake, na kijiji kizima kikadhani anajisema mwenyewe.

Watu kadhaa wanalia sasa, na mwalimu mkuu ni mmoja wao.

Lakini siri imeshatoka, na kilichoogopwa na baba wa Nakibae kinakuja mbio. Kabuta anafuta macho, anajisogeza kitako, anakohoa. "Kaka yangu," anaanza kwa upole wa kweli, "pole sana. Sasa, wajukuu zangu ni kumi na mmoja, wamebanana kama dagaa kwenye pima tatu na robo. Kwa heshima yote, mimi leo nakuletea..."

"Babu, naleta bubuti!"

Ni Nei Tiero. Mwanamke, mgeni, amemkata mzee kauli katikati ya maneaba, na mwenyewe anaonekana kushtuka kuliko wote. Ameinama hadi paji la uso linakaribia mkeka. Chaki imemdondoka nyweleni.

Kila mtu anadhani anajua ataomba nini. Miaka kumi na tisa pa wageni. Hakuna ambaye angemlaumu, na wapo waliokuwa tayari kufurahi.

"Sema, mwanangu," anasema mzee. Hajawahi kumwita hivyo.

"Naomba pima moja na nusu."

"Ya nani?"

"Ya Nei Teiti na watu wa Bwatarake. Naomba ibaki yao. Iandikwe kwenye chati kwa jina lao, na asiiombe mtu mwingine tena."

Inachukua muda kidogo kijiji kuelewa kilichofanyika. Bubuti imeshaletwa. Pima ile imeshaombwa na mwingine, na Kabuta hana tena cha kuomba. Nakibae anafumba macho, na machozi aliyokuwa akiyazuia yanashuka. "Umeomba," anasema, "nimetoa."

Kabuta anapiga paja lake kwa kiganja. "Huyu mwalimu mwizi! Kaniibia mdomoni!" Kisha anacheka mpaka anakohoa, na alipotulia akawageukia watoto. "Haya, mnangoja nini? Toeni malapa yenu pale kwa watu."

Wakayatoa. Teewata akarudi ubaoni, akaandika chini ya orodha jina la kumi na mbili, na pembeni yake moja na nusu. Akajumlisha kwa sauti, arobaini na nane. Safari hii sauti yake ilisikika hadi barabarani.

Majuma tisa yamepita tangu asubuhi ile. Chati mpya imetundikwa kwenye nguzo ya kati, vyumba vyake vipana kwa vyembamba, na kimoja kimeachwa cheupe na jina tu. Darasa la nne linaingia maneaba siku tatu kwa wiki. Beniamina ameandika ratiba upya kwa mkono wake, na kwenye Ijumaa amebakiza mpira wa wavu peke yake.

Somo la Lugha muhula huu limekuwa barua. Watoto ishirini na sita waliandika, kila mmoja yake, kwa watu wasiowajua. Mmoja alieleza bei ya mchele. Mwingine aliomba radhi kwa ajili ya malapa. Anwani hawakuwa nayo, hivyo bahasha ilisomeka, "Kwa watu wa Bwatarake waliotoka Aontebike," na mchungaji akaahidi kuipitisha kwa wachungaji wenzake wa Solomon hadi imkute mtu. Katika Hesabu wamejifunza kwamba Nei Teiti, akiwa hai, ana miaka sabini na mitatu. Katika Sayansi wamesoma ukame. Watoto hawajui tena somo gani linaishia wapi, na mwalimu wao naye amechoka kuwaambia.

"Ningependa kila darasa la kisiwa hiki lipime maneaba yake," anasema Nei Tiero. Ni Jumatano, siku ya ndege, na watoto wanasikiliza angani huku wakijifanya wanaandika. "Lipime kwa kamba, si kwa kitabu. Na likibaki kitu wasikifute, wamtafute mwenyewe. Hilo ndilo lengo langu kabla sijastaafu. Lakini kwanza tupate jibu moja. Hata likiwa la kusema hayupo. Watoto hawa wawe wameuliza, na wawe wamejibiwa."

Yeye bado hukaa pa wageni. Anapoulizwa kama hajutii bubuti ile, anacheka na kutikisa kichwa. Pa wageni, anasema, mtu huona wanaoingia kabla ya wenyeji.

Ndege imekuja, imerudi, na bahasha ya jibu haikuwamo. Ndani ya maneaba, mahali palipokuwa na malapa, pametandikwa mkeka mpya wa majani ya mkadi ambao darasa la nne liliusuka lenyewe, pima moja na nusu bila kuzidi kidole. Nakibae ameunyanyua kwa pembe mbili, anaukung'uta mchanga kama anavyofanya kila asubuhi, na Teewata amemshikia pembe nyingine.

"Babu, unadhani atakuja kweli?" mtoto anauliza.

Mzee anautandika mkeka, anaunyoosha kwa kiganja hadi hauna kunyanzi.

"Aliniambia nimshikie nafasi," anasema. "Hakuniambia mpaka lini."